Pacha wangu wamezaliwa siku moja, lakini matumbo yao hayafanani: ni damu, au ni chungu?

#1 Baba Pacha wa Newala

Salaam wanajamvi.

Nina watoto pacha wa kiume wenye miaka 14, Kulwa na Doto, wanaofanana kiasi kwamba hata mimi baba yao huwatambua kwa kovu dogo lililo juu ya jicho la Doto. Walipokuwa na miaka minne mama yao aliugua kwa muda mrefu. Kwa makubaliano ya familia, Kulwa akachukuliwa na mjomba wake huko Nachingwea, ambako kuna ng'ombe na mtindi haukauki kibuyuni, naye Doto akabaki hapa Newala na bibi yake, akakulia ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi na ming'oko.

Desemba iliyopita wote wawili walikuwa nyumbani. Nilichemsha maziwa, nikampa kila mmoja bilauri moja iliyojaa. Kulwa alimaliza akaomba nyingine. Doto, kabla ya jua kuzama, tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma, na usiku liliunguruma hadi ndugu yake akalisikia kutoka kitanda cha pili, kisha akaharisha mpaka alfajiri. Tulirudia baada ya wiki mbili, ikawa vilevile.

Nimesoma mahali kwamba vijidudu vilivyomo ndani ya utumbo wa mtu ni mara kumi ya seli za mwili wake, na kwamba tunavirithi kwa wazazi. Kama ni kurithi, hawa wawili wamerithi kwa watu walewale, tena siku ileile. Naomba mwenye elimu anieleze tofauti hii imetoka wapi.

#2 Mwalimu wa Baiolojia, Masasi

Asante kwa swali zuri, ndugu. Nianze na hiyo hesabu ya mara kumi, kwa sababu imesambaa mno. Mwaka 2016 watafiti Sender, Fuchs na Milo waliihesabu upya, wakakadiria kwamba mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38 na seli zake mwenyewe trilioni 30. Kwa hiyo wanakaribiana, na bakteria wote hao ukiwapima kwa mizani hawazidi sana robo kilo.

Sasa maziwa. Ndani ya maziwa kuna sukari iitwayo laktosi, nayo huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi katika utumbo mwembamba. Watu wazima walio wengi duniani kimeng'enya hicho huwapungua baada ya kuachishwa ziwa. Wanaoendelea kuwa nacho ukubwani wana badiliko dogo la kinasaba, na mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba badiliko linaloonekana kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya si lile la watu wa Ulaya, bali limezuka kivyake. Pacha wa yai moja wote wawili wanalo, au wote wawili hawanalo. Kwa hiyo kama watoto wako ni wa yai moja, tofauti yao haiwezi kuwa ya kinasaba hicho, na nadhani jibu linapatikana chini zaidi, katika utumbo mpana.

#3 Korosho Ghafi

Namheshimu Mwalimu, lakini tusiwahi kuitupa damu nje. Mwaka 2014 timu ya Ruth Ley wa Chuo Kikuu cha Cornell ilichunguza kinyesi cha jozi 416 za pacha nchini Uingereza, na pacha wa yai moja walikutwa wakifanana zaidi kwa baadhi ya bakteria kuliko pacha wa mayai mawili. Kundi lililoonekana kurithika kuliko yote linaitwa Christensenellaceae, nalo lilipatikana kwa wingi kwa watu wembamba. Walipomwongeza bakteria mmoja wa kundi hilo kwenye kinyesi cha mtu mnene kisha wakampandikizia panya, yule panya hakunenepa kama wenzake. Maana yake, vinasaba vyako vinachagua ni wageni gani watakaopata chumba katika nyumba yako.

#4 Mkunga Mstaafu

Baba Pacha, pole kwa mtoto. Kabla hatujafika Uingereza naomba tubaki kwanza katika chumba cha kujifungulia. Je, walitoka na kondo la nyuma moja au mawili? Wote wawili walizaliwa kwa njia ya kawaida? Nani aliyetangulia kunyonya, na mlimpa nini mtoto kabla ya ziwa?

#5 Baba Pacha wa Newala

Shikamoo bibi. Kadi ninayo mpaka leo. Yaliandikwa makondo mawili, na muuguzi mmoja alituambia siku ile kwamba kwa sababu hiyo si pacha wa kufanana, jambo ambalo limetushangaza miaka yote hii kila tukiwatazama. Kulwa alizaliwa kwa njia ya kawaida. Doto alikaa vibaya, akatolewa kwa upasuaji baada ya dakika arobaini hivi. Mama yake hakuweza kumshika mpaka kesho yake, hivyo Kulwa alipata dang'a siku ileile, na Doto akaanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sukari aliyonyweshwa na bibi yake kwa kijiko. Tena bibi huyo, walipoanza kula, ndiye aliyekuwa akimtafunia Doto muhogo na kumtilia kinywani.

#6 Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Huyo aliyekuambia makondo mawili maana yake mayai mawili alikosea. Yai moja likigawanyika mapema, katika siku tatu za mwanzo, kila mtoto hupata kondo lake, na karibu theluthi moja ya pacha wa yai moja huzaliwa hivyo. Watoto wa jinsia moja wenye makondo mawili hawajulikani mpaka wapimwe vinasaba.

Sasa yatazame hayo mengine uliyoandika kana kwamba ni madogo. Mtoto anayepita njia ya kawaida hukutana na bakteria wa utumbo wa mama yake pale pale, maana njia mbili zile ni jirani. Anayetolewa kwa upasuaji hukutana kwanza na bakteria wa ngozi na wa wodi. Uingereza walifuatilia watoto 596, wakatoa matokeo mwaka 2019, na wale wa upasuaji walikuwa na upungufu mkubwa wa bakteria wa mama, wakabeba wa hospitalini, ingawa tofauti ilipungua kadiri miezi ilivyosonga. Halafu dang'a na maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, na zipo kwa ajili ya kulisha Bifidobakteria, kundi la bakteria wema wa utumbo. Kulwa alizaliwa akawekewa wapangaji na chakula chao siku moja, ilhali Doto alichelewa kupata vyote viwili. Mimi nimepokea watoto kwa miaka mingi katika wilaya mbili za mkoa huu, na maji ya sukari kwa kijiko nimeyapiga vita kuliko kitu chochote. Hata hivyo simlaumu bibi yao, kwa sababu mtoto analia na ziwa halipo, nawe utafanya nini?

#7 Mzee wa Kilwa

Habari zenu. Naona watu wa Newala mmegawanya matumbo kama mnavyogawana mikorosho. Kama mngelikuwa mnakula pweza kama sisi wa pwani, pengine uzi huu usingelikuwepo.

Nina kisa. Nilioa Umwerani nikahamia kwa wakwe, kama ilivyokuwa desturi. Miezi mitatu ya mwanzo ugali wa muhogo na mbaazi vilinitesa kwa gesi hadi nikaona aibu kukaa barazani na mkwe wangu. Leo ni mwaka wa ishirini na mbili, nala sahani iliyojaa na kulala usingizi. Damu yangu haikubadilika. Kilichobadilika ni chungu ninachokula, maji ninayokunywa na watu ninaolala nao nyumba moja.

#8 Mwalimu wa Baiolojia, Masasi

Mtani wangu wa Kilwa ametoa ushahidi unaolingana na tafiti. Mwaka 2023 timu ya Chuo Kikuu cha Trento, Italia, ilichambua sampuli zaidi ya 9,000 kutoka nchi nyingi, ikitazama hadi ngazi ya ukoo mmoja mmoja wa bakteria, na si jina la aina tu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alikuwa akishirikiana na mama yake takriban nusu ya koo hizo katika aina walizokuwa nazo wote wawili, na ushirika huo ulipungua kadiri umri ulivyoongezeka. Watu wanaoishi nyumba moja walishirikiana takriban asilimia 12, wawe mke na mume au ndugu. Na jambo linalomhusu Baba Pacha moja kwa moja ni kwamba pacha waliotengana walizidi kupoteza ushirika huo kadiri miaka ya kuishi mbali ilivyokuwa mingi.

#9 Mwana wa Kwa Mama

Naomba niongeze la kwetu. Sisi Wamakonde, pamoja na Wamwera, Wamakua na Wayao, tulihesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nikisoma kwamba bakteria wa kwanza hutoka kwa mama, naona wazee walijua kitu. Ukoo wa tumbo unakwenda kwa mama, na ndiyo maana hata lugha yetu husema "ndugu wa tumbo moja."

#10 Mwalimu wa Baiolojia, Masasi

Wazo ni zuri, ndugu, ila lina mpaka. Nusu ya vinasaba hutoka kwa baba bila kujali ukoo unahesabiwa wapi. Bakteria wa mama nao hawabaki peke yao. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya watu 531 kutoka Malawi vijijini, jimbo la Amazonas nchini Venezuela na miji ya Marekani, na katika nchi zote tatu utumbo wa mtoto ulianza kufanana na wa mtu mzima alipofika takriban miaka mitatu. Watoto hawa walitengana wakiwa na minne. Ina maana walikwisha kujengwa pamoja, chini ya paa moja, ndipo wakatengana.

#11 Korosho Ghafi

Sijashindwa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli walipima watu 1,046, wakasema sehemu inayoweza kurithika ni kati ya asilimia 1.9 na 8.1 tu, na watu wengi wakadhani kesi imefungwa. Mwaka 2021 ikaja kazi ya nyani wa Amboseli, hapo Kenya mpakani na kwetu: sampuli 16,234 kutoka kwa nyani 585, zilizokusanywa kwa miaka 14. Ilionekana kwamba karibu kila sifa ya bakteria iliyopimwa, asilimia 97, ilikuwa na chembe ya urithi wa damu. Chembe hiyo ni ndogo, nakubali, lakini ipo, na ilionekana kwa sababu mnyama mmoja alipimwa mara nyingi badala ya mara moja. Tena iliongezeka wakati wa kiangazi. Basi pengine damu haionekani kwa sababu tunachungulia mara moja na kuondoka.

#12 Mzee wa Kilwa

Nyani wanaokula mahindi ya watu huko Ruangwa nao wapimwe, tujue wamerithi kwa nani.

#13 Mwalimu wa Baiolojia, Masasi

Hao wa Amboseli wana funzo la pili, mzee wangu. Kazi ya mwaka 2015 iliyofanywa hapo hapo ilionyesha kwamba nyani waliokuwa wakichambuana manyoya zaidi walishirikiana bakteria zaidi. Kwa hiyo mkono nao umo, sambamba na damu na chakula.

#14 Dada wa Maabara

Samahani kwa kuingia katikati. Mimi hutazama choo kwenye hadubini kila siku ya kazi, na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: je, Doto alipimwa? Mdudu aitwaye giardia huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, na pale ukutani ndipo laktesi inapokaa. Mtoto mwenye giardia anaweza kukataa maziwa hata kama vinasaba vyake na bakteria wake ni wazima, kisha akayakubali tena baada ya kutibiwa. La pili, kila homa siku hizi inapigwa antibayotiki kutoka duka la dawa bila kupima. Nimeona mtoto mmoja, sitataja wa wapi, amepewa dozi nne katika msimu mmoja wa mvua, na mama yake akashangaa kwa nini anaharisha kila akila. Tunatafuta sababu za mababu, na pengine sababu ni karatasi ya vidonge iliyotupwa nyuma ya nyumba.

#15 Kijana wa Chikongola

Kwetu ni vidonda vya tumbo. Babu, baba, mimi na dada yangu, sote. Hii si damu?

#16 Dada wa Maabara

Pole ndugu yangu. Hapo umetoka kwenye utumbo ukaingia kwenye mfuko wa tumbo, kwa hiyo nitajibu kwa kifupi. Vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia, na Marshall mwaka 1984 alimnywa mwenyewe ili kuthibitisha. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huambukizwa hasa utotoni, ndani ya familia, ndiyo maana anaonekana kama urithi. Lakini wenye kundi la damu O hupata vidonda vya utumbo wa kwanza zaidi kuliko wengine, na kundi la damu ni kinasaba. Nenda mkapime nyote wanne, kwani anatibika.

#17 Mama Lishe wa Mikindani

Nimefanya kazi ya lishe ya watoto, na jambo hili linanigusa. Malawi, watu wanaokula kama sisi, walifuatiliwa pacha jozi 317 katika miaka mitatu ya mwanzo ya maisha. Nusu ya jozi zilibaki na afya. Katika asilimia 43 ya jozi, pacha mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake akabaki mzima, na pacha wa yai moja hawakuwa tofauti na wa mayai mawili. Fikirini maana yake: mama mmoja, sufuria moja, mkeka mmoja, mara nyingi hata vinasaba vilevile, kisha mmoja anavimba miguu kwa kwashakoo na mwingine anacheza uani. Walipochukua kinyesi cha mgonjwa na cha mzima na kuwapandikizia panya, wakawalisha chakula cha Kimalawi, panya waliopewa cha mgonjwa walikonda vibaya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Nilipoyasoma niliwakumbuka akina mama niliowauliza, kwa sauti ambayo leo naijutia, kwa nini wanamlisha mmoja na kumwacha mwingine. Hawakuwa wakimwacha.

Kwa hiyo nawaomba msimalize uzi huu kwa kusema chungu ndicho kila kitu. Chungu kilikuwa kimoja.

#18 Mwalimu wa Baiolojia, Masasi

Asante, mama. Hilo ni zito, na linanilazimisha kurekebisha nilichoanza nacho.

Bado naamini katika suala la Doto kuna mahali damu na chungu vinakutana. Katika pacha wa Uingereza, walipoongezwa hadi jozi 1,126 mwaka 2016, kinasaba cha laktesi kilihusishwa na wingi wa Bifidobakteria. Mtu asiye na laktesi akinywa maziwa, laktosi inafika utumbo mpana ikiwa nzima, na Bifidobakteria wanashiba. Hawa huichachusha bila kutoa hewa, tofauti na bakteria wengine wanaojaza tumbo gesi. Anayekunywa kidogo kidogo kila siku huwakuza, na dalili zake hupungua. Kinasaba hicho hakina kazi yoyote kwa bakteria wa mtu ambaye nyumbani kwake maziwa hayaingii. Inawezekana kabisa Kulwa na Doto wote hawana laktesi, ila Kulwa amefuga Bifidobakteria kwa miaka kumi ya mtindi.

Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao hawafugi, walipopimwa watu 27 mwaka 2014, Bifidobakteria karibu hawakuonekana kabisa kwa watu wazima. Na wanaume walitofautiana na wanawake wa kambi ileile, ikadhaniwa ni kwa sababu wanawake huchimba na kula mizizi zaidi.

#19 Bibi Ming'oko

Wajukuu zangu, nimesomewa uzi wote. Mmesema Wahadza wanachimba mizizi, nasi tunachimba ming'oko. Bibi aliyemtafunia Doto muhogo mmempita haraka. Mimi nimewatafunia wanangu saba. Mtoto asiye na magego atakula nini? Naomba mnieleze, nilikuwa nawapa chakula, au nilikuwa nawapa na vijidudu vyangu?

#20 Mkunga Mstaafu

Shikamoo mama. Vyote viwili. Ndani ya mate kuna bakteria wengi, wazuri na wa maradhi, na kuna kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga wa muhogo. Hata hicho kina vinasaba vyake: mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba watu wa jamii zinazokula wanga mwingi, Wahadza wakiwemo, kwa wastani wana nakala nyingi zaidi za kinasaba hicho kuliko jamii kama Wadatoga, wanaotegemea mifugo. Leo ninawashauri akina mama waponde kwa mwiko, kwa ajili ya maradhi, lakini siwezi kusema ulichofanya hakikuwajenga wanao.

#21 Baba Pacha wa Newala

Nawashukuru nyote. Kulwa amekuja likizo, nikafanya kama Mwalimu alivyogusia, baada ya kumpeleka Doto kupimwa choo kama Dada wa Maabara alivyotaka. Giardia haikuonekana. Nimempa robo bilauri kila jioni, pamoja na ugali, kwa siku kumi na mbili. Siku tatu za mwanzo tumbo liliunguruma. Siku ya saba alilala bila kuamka. Jana alikunywa nusu bilauri, akasema anahisi kujaa kidogo tu.

Lakini tangu Jumapili Kulwa, yule wa mtindi, ndiye anayeumwa tumbo, na maziwa hajayagusa siku nne.

#22 Dada wa Maabara

Anakunywa maji gani hapo nyumbani?

#23 Baba Pacha wa Newala

Ya tangi la mvua, yaleyale anayokunywa Doto. Kesho asubuhi nampeleka naye akapimwe choo.